Figo Moja na Mdomo Mmoja

Mtaani walimwita Kipaza, na aliyempa jina hilo hakuhitaji kufikiri sana. Alikuwa kinyozi, na hakuweza kunyoa akiwa kimya. Mashine ikiunguruma kichwani kwa mteja, naye aliunguruma juu ya mashine, na ukiingia pale kupunguza nywele ulitoka na habari za ndoa mbili, ugomvi wa wanakwaya, na maelezo kamili ya jinsi Kipaza alivyomsaidia mtu fulani.

Hapo kwenye kusaidia ndipo penyewe. Lazima tumtendee haki: alikuwa mtu wa kusaidia kweli. Ukifiwa, alifika kabla ya ndugu zako. Ukilazwa, alikuja na chupa ya chai na kukaa kando ya kitanda mpaka wauguzi wamfukuze. Lakini siku ukipona, ulikuta mtaa mzima unajua ulikunywa vikombe vingapi, na kwamba kimoja ulikimwaga shukani ukilia kumwita mama yako.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja chenye kiti cha kuzungusha ambacho kilikataa kuzunguka, benchi la wanaosubiri, chupa ya spiriti na kioo kirefu. Juu ya kioo alitundika picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaiinamisha kidogo, hivyo mteja akijitazama alimwona Bwana naye anamtazama, na katikati yao Kipaza na wembe. Watu wengi wamefanya toba ya kweli kwenye kiti kile.

Ng'ambo ya barabara mdogo wake alikuwa na bucha, naye kila mtu alimwita Bucha, hata mke wake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ulisema unataka kilo, alikata, alipima, alifunga, alikutazama. Ndugu hawa walipendana, ila kulikuwa na suala la suti.

Bucha alipooa, Kipaza alimwazima suti yake ya kijivu. Ilimkaa kama ameshonewa yeye, na hakuna aliyeshtukia kwamba ni ya kuazima. Kule ukumbini Kipaza akapewa maiki amtakie bwana harusi heri. Akasimama, akakohoa, akaanza: "Wapendwa, ndugu yangu leo amependeza. Na mimi ndiye ninayejua kwa nini amependeza." Akawaeleza suti ni ya nani, na wageni wakapanda kwenye meza kuu mmoja mmoja kushika kola waone kitambaa. Shangazi mmoja alikagua na bitana. Mpaka leo ukitaja harusi ile, hakuna anayemkumbuka bibi harusi.

Wa tatu katika familia ile alikuwa dada yao, Dada Mkubwa, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ya mtaa wao. Ndiye aliyewalea mama yao alipofariki. Kipaza alikuwa na mvi na wajukuu, lakini Dada Mkubwa akimwambia "wewe mtoto", alisimama wima.

Basi Bucha akaugua. Alianza kuvimba miguu, akasema ni kusimama sana. Akavimba uso, akasema ni usingizi. Siku alipoanguka na kisu mkononi, katikati ya kilo ya mtu, wakampeleka hospitali, na huko wakaambiwa figo zake zote mbili zimekwisha kazi. Akawa anakwenda kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, anarudi amekauka kama kamba ya kuanikia nguo, anapata nafuu kidogo, halafu siku ya mashine imefika tena. Daktari akawaita ndugu. Akasema mashine inambeba, lakini moyo wake unachoka, haitambeba sana. Njia nzuri ni ndugu mmoja atoe figo moja. Mtu anaishi vizuri na moja.

"Tutaomba," Dada Mkubwa akasema.

"Ombeni," daktari akasema, "na mje kupima."

Sasa, kwa wasiojua jumuiya zetu, nieleze. Watu hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha mtu yeyote aliyeguswa hutoa ombi kwa sauti, na wengine huitikia: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Ni kitu kizuri sana. Ubaya wake ni kwamba wanaomba mmoja baada ya mwingine, na aliyetangulia akiomba vizuri, anayefuata anajisikia kudaiwa. Jioni ile walipomwombea Bucha, mama mmoja aliahidi rozari kila siku. Baba mmoja akaahidi kufunga. Mzee wa Legio ya Maria, ambaye magoti yake yalikuwa hayakunjiki tangu zamani, akaahidi kupiga magoti. Zamu ikamfikia Kipaza, ndugu wa mgonjwa, na watu wote wakamgeukia. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Bwana," Kipaza akasema, na sauti ikamtetemeka vizuri kabisa, "usimsumbue ndugu yangu. Kama ni figo unataka, mimi nipo. Chukua yangu. Bwana, chukua zote mbili."

Jumuiya ikaitikia kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika hapo, na mama mmoja akalia. Kipaza alirudi nyumbani mwepesi. Alikuwa na uhakika kamili kwamba figo itakayofaa ni ya Dada Mkubwa. Huyo alikuwa mtakatifu wa familia. Mambo kama hayo yalimwangukia yeye siku zote.

Wakaenda kupimwa. Dada Mkubwa akakutwa na sukari, akaambiwa hata akilia hawatamgusa. Kipaza akakutwa na damu inayolingana, presha nzuri, na figo ambazo daktari alizisifia kwa macho ya mtu anayetazama viatu kwenye dirisha la duka.

"Rudia," Kipaza akasema.

"Tumerudia," daktari akasema.

"Mashine zenu zinakaguliwa?"

Nje, kwenye benchi la hospitali, Dada Mkubwa alimshika mkono. "Wewe mtoto. Mungu amekusikia."

"Ndiyo, dada."

"Si ulisema zote mbili?"

"Nilikuwa naomba tu, dada."

Alikuwa anaogopa. Tuseme hivyo bila kumcheka sana. Mtu aliyeshika wembe maisha yake yote anajua kuliko mimi na wewe jinsi ngozi inavyofunguka kwa urahisi. Alipofika nyumbani alipiga magoti, akasali Baba Yetu, na alipofika kwenye "utakalo lifanyike" akaongeza maneno yake: ila, Bwana, kama unalitaka hili kweli, nipe ishara nisiyoweza kuikana. Jumapili hii Baba Paroko ahubiri kwa ufupi.

Hapa msomaji aelewe ujanja wa mtu huyu. Mahubiri ya Paroko yalikuwa na utangulizi, na utangulizi ulikuwa na utangulizi wake. Watoto walibatizwa Misa ya kwanza, na kabla hajamaliza wakawa wameota jino. Wanawake walijua kupika kwa kukadiria: weka sufuria jikoni Paroko anapotaja manabii, nenda, urudi, utakuta anawataja mitume. Kipaza alikuwa amechagua ishara salama kuliko zote zilizopo duniani. Akalala usingizi mzito.

Jumapili Paroko akasoma Injili kwa sauti ya ajabu, kama mtu mwenye pamba kinywani. Shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa. Akafunga kitabu, akatazama waamini.

"Wapendwa," akasema. "Mungu anajua. Sisi hatujui. Tumwamini."

Akaenda kukaa.

Kanisa likaduwaa. Mwalimu wa kwaya alikuwa nje anaongea na simu, kama desturi yake kwa sehemu hiyo ya Misa. Bibi mmoja alimuuliza jirani kama kuna vita. Waliozoea kulala wakaendelea kulala, kwa kuwa miili yao ilikuwa na saa yake. Na kwenye benchi la katikati Kipaza alikuwa amekamata benchi la mbele yake kwa mikono miwili, na mke wake akamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka kutapika.

Baada ya Misa alimfuata Paroko sakristia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, amina." Paroko alikuwa anavua kanzu huku ameshika shavu.

"Baba, yale mahubiri umeyatoa wapi?"

"Kinywani. Ndiyo maana yamekuwa mafupi."

Kipaza akamweleza kila kitu: figo, daktari, ishara. Alipofika kwenye ishara alipunguza sauti, lakini haikusaidia. Paroko alimtazama kama mtu ambaye ametukanwa na bado anatafuta ni wapi.

"Ulichagua hiyo kwa sababu ulijua haiwezekani."

"Sikusema hivyo, Baba."

"Nimeng'oa jino jana. Jino. Usimsingizie Mungu jino langu."

"Kwa hiyo si ishara?"

"Si ishara."

"Basi niko huru?" Kipaza akapumua.

"Ulikuwa huru toka mwanzo. Hakuna amri ya Kanisa inayokutaka utoe figo. Ikitolewa kwa kulazimishwa si zawadi tena, ni wizi. Ukikataa hutakuwa umetenda dhambi, na mimi sitakutazama vibaya."

Ajabu ni kwamba maneno haya yalimwumiza kuliko yangekuwa laana. Alikuja akitaka asukumwe au azuiwe, na mtu huyu ameondoka mlangoni na kumwachia njia.

"Na Bucha?"

Paroko alikaa kwenye sanduku la mishumaa. "Sijui," akasema. "Umemwambia Mungu nini?"

"Nimemwambia utakalo lifanyike."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Mimi sitaki."

"Hilo umemwambia?"

"Baba, Mungu hasemeshwi hivyo."

"Mwanawe alimsemesha hivyo. Kule bustanini alianza kwa kusema hataki, akatoka jasho, ndipo akasema sawa. Wewe umeruka jasho, umekimbilia maneno mazuri." Paroko akataka kuendelea, maana utangulizi ndio kwanza ulikuwa unaanza, lakini damu ikamtoka kwenye fizi. Akamwashiria atoke.

Kipaza akarudi kanisani. Watu walikuwa wameondoka. Akakaa benchi la nyuma, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuitikia, maneno yakatoka mabaya.

"Sitaki," akasema. "Naogopa kisu. Naogopa nisiamke. Na nikiamka, naogopa kuwa mgonjwa mgonjwa mpaka mwisho. Bucha mwenyewe hata salamu yake ni ya kuvuta kwa kamba. Sitaki, Bwana."

Akasubiri. Hakusikia sauti. Hakuona mwanga. Mhudumu wa kanisa akaja na ndoo na tambara, akamwambia ainue miguu. Akainua. Akakaa hivyo, miguu juu, mtu mzima, akitazama sakafu inavyopigwa deki chini yake, na akagundua kwamba hofu yake iko pale pale, haijapungua hata kidogo, lakini sasa hayuko nayo peke yake. Ni jambo dogo. Sijui namna ya kulikuza.

Alasiri hiyo alikwenda kumnyoa Bucha. Tangu ugonjwa uanze, alimnyoa nyumbani kila wiki, kwa sababu ngozi ya Bucha ilimwasha usiku na mchana na hakutaka mtu mwingine aiguse. Alimfunga shuka shingoni, akapaka povu, akaweka kidole gumba shavuni ili aivute ngozi, kama anavyofanya kwa kila mtu. Kidole kilipotoka kiliacha shimo, na ngozi haikurudi. Kipaza akabaki analitazama. Kichwa hiki alikuwa wa kwanza kukinyoa, yeye akiwa mtoto na Bucha akiwa mtoto zaidi, kwa wembe mbovu waliouiba kwa baba. Alama yake ilikuwepo bado nyuma ya sikio.

"Yangu imefaa," akasema.

"Najua," Bucha akasema. "Dada aliniambia."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri kuisikia kwa wateja."

"Sijamwambia mtu."

Bucha akafungua jicho moja. "Basi mgonjwa ni wewe."

"Nataka kukupa."

"Sitaki."

Kipaza alidhani hakusikia vizuri. Akaweka wembe chini. "Hutaki nini?"

"Figo yako. Kaka, nakushukuru, lakini sitaki. Suti niliivaa siku moja tu, na mpaka leo watu wakiniona wanatazama kola. Figo nitaivaa mpaka nizikwe. Nikinunua viatu utasema figo yako inapenda viatu. Nikigombana na mke wangu utakuja kusema figo yako haijazoea kelele. Nikienda chooni utasimama nje ya mlango kuuliza inafanyaje kazi."

"Siwezi kufanya hivyo."

Mke wa Bucha, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo, akasema kwa upole, "Shemeji, unaweza."

"Bora mashine," Bucha akasema. "Mashine hainisimangi."

"Mashine haitakufikisha mbali. Daktari amesema."

"Najua daktari alivyosema. Mimi ndiye ninayelala na mwili huu." Bucha alinyamaza ili apumue, siku hizi sentensi ndefu zilimchosha. "Najua ninakufa, kaka. Ila nataka nife nikiwa mtu, si hadithi ya kibandani kwako."

Povu lilikuwa linakauka shavuni kwake. Mke wa Bucha alianza kulia bila sauti, akijifuta kwa taulo lililokuwa la kumfutia mume.

"Nikinyamaza?" Kipaza akasema mwishowe.

"Hutaweza."

"Nikiapa."

"Usiape. Utaongeza dhambi."

"Basi nasema tu. Sitamwambia mtu. Atajua daktari, Dada, wake zetu, na Paroko ambaye anajua tayari."

"Kwa muda gani?"

"Sema wewe."

"Mpaka kufa."

"Ukifa wewe kwanza?"

"Utanyamaza."

"Nikifa mimi kwanza?"

"Hapo nitasema mimi," Bucha akasema. "Nitasema vizuri. Nitashika maiki."

"Lakini nitalazwa siku hizo hizo. Watu wataniuliza."

"Utasema umepasuliwa ngiri."

"Ngiri."

"Ndiyo."

"Kwa nini ngiri, jamani?"

"Kwa sababu hajawahi kutokea mtu wa kujisifia ngiri."

Hapa ndipo Kipaza alipogundua kwamba figo ndiyo ilikuwa nusu iliyo rahisi. Maana ukweli ni huu, na Mungu anaujua: hata katika hofu yake, tangu siku ya majibu, alikuwa ameshaanza kuitengeneza ile hadithi. Alijua katika kuisimulia atapumzika wapi. Alijua atainua shati wakati gani ili waone kovu. Ingekuwa hadithi bora ya maisha yake yote, ya kumfikisha uzeeni, na wateja wangetoka mitaa ya mbali kuja kuisikia. Na jumuiya ilikuwa imemsikia akisema zote mbili. Sasa ataonekana mtu aliyeahidi mbele ya Mungu na watu, kisha akakimbilia ngiri.

Akachukua wembe. Akaupangusa. Akautazama.

"Utakalo lifanyike," akasema, na safari hii hakuongeza kitu.

"Unamwambia nani?" Bucha akauliza. "Mimi au Mungu?"

"Wote wawili. Geuza shingo."

Siku ya upasuaji waliwalaza kwenye vitanda viwili vya magurudumu, wakawapitisha ujia mmoja. Dada Mkubwa alitembea katikati yao na rozari, mkono huu ukimgusa huyu na mkono huu ukimgusa yule, akigonga watu kwa sababu hakuwa anatazama mbele. Mlangoni muuguzi alimwambia Kipaza kama ana neno la mwisho kabla ya dawa ya usingizi aseme. Kipaza akafungua kinywa, akamwona mhudumu wa usafi kando ya ukuta, mtu wa mtaa wao.

"Ngiri yangu inaniuma," akasema.

Alipoamka, cha kwanza aliuliza kama Bucha ameamka. Alikuwa ameamka. Figo ilianza kazi mezani pale pale, kabla hawajamaliza kushona. Daktari alisema hajaona figo yenye haraka hivyo. Kipaza alilazwa wodi ya juu, Bucha ya chini, na siku alipoweza kutembea alishuka ngazi moja moja ameshika ubavu. Alimkuta mdogo wake ana uso wake wa zamani. Mashavu yalikuwa yamerudi mahali pake. Kipaza akaweka kidole gumba shavuni, akabonyeza, akaachia. Ngozi ikarudi.

Walitoka hospitali, na mtaa ukafanya kazi yake. Kila mtu alitaka kujua nani ametoa figo. Dada Mkubwa, ambaye hajui kudanganya, alijibu kila aliyemuuliza: "Mungu amejalia mtu." Alisema hivyo akiinamisha macho, kwa kuwa alikuwa anaficha. Basi watu, ambao siku zote zile hawakumwona mtaani, wakaelewa mara moja kwamba ni yeye.

Wakambebea pochi. Wakamwachia nafasi benchi la mbele. Akinyanyua ndoo, wanaume walikimbia kumpokea wakisema, "Mama, angalia huo ubavu." Alipokataa kusifiwa, wakasifu unyenyekevu. Alikwenda kwa Paroko analia kwamba anaiba utukufu wa mtu, na Paroko, fizi imeshapona, akamhubiria juu ya jambo hilo mpaka jua likazama. Katika jumuiya mzee wa Legio alisimama kumshukuru Mungu kwa wanawake, ambao hutenda, tofauti na watu wengine, ambao husema. Wote wakaitikia. Kipaza naye akaitikia, maana angefanyaje?

Kibandani ilikuwa mbaya zaidi. Jumamosi moja benchi lilikuwa limejaa. Kitini alikaa fundi bomba, mtu wa mdomo, anayekaa jumuiya moja na Kipaza. Bucha alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu. Alikuwa ameanza tena kusimama buchani nusu siku.

"Kipaza," fundi bomba akasema chini ya shuka, "hivi ile ngiri yako imepona?"

"Imepona, namshukuru Mungu."

"Maana ilikuwa ngiri ya heshima. Ilisubiri mpaka wiki ndugu yako anahitaji figo, ndipo ikatoka."

Benchi likacheka. Kipaza akaendelea kunyoa.

"Mimi nilikuwepo siku ile," fundi bomba akawaambia wenzake kupitia kwenye kioo. "Huyu bwana alisimama akasema, Bwana chukua zote mbili. Mama wa watu analia. Sasa Mungu kaja kuomba moja tu, moja, mwenzetu kashika ngiri. Mwanamke mzee ndiye kapanda kitandani. Mimi ningekuwa wewe ningehama."

Bucha akasimama. Hakusimama haraka, ila benchi lote lilihisi, kwa sababu alikuwa mtu mpana na sasa upana wake ulikuwa umerudi.

"Sikiliza, fundi," akasema.

"Bucha, kaa," Kipaza akasema. "Zamu yako bado."

"Hapana. Kaka, nimekuachia. Sema. Mbele ya hawa hawa. Nakuachia kabisa."

Mashine ilizimwa. Fundi bomba akageuza kichwa. Kila mtu alimtazama Kipaza, na Kipaza akafungua kinywa. Kimya kilikuwa kile kile alichokuwa akikiwaza tangu mwanzo, kimya kizito, kimya cha mahali pa kuanzia. Hata shati lilikuwa linamwasha ubavuni. Akamtazama mdogo wake. Bucha alikuwa amesimama katikati ya chumba, miguu imekaza, mikono imetulia ubavuni, anamtazama machoni kama wanaume wawili wanavyotazamana. Hakuna aliyekuwa akimtazama Bucha. Hakuna aliyekuwa akimkagua. Alikuwa mteja amesimama kibandani, mzima, mwenye figo yake.

Kipaza akafunga kinywa. Akameza kitu. Kilikuwa kikubwa, na kiliteremka taratibu.

"Nyinyi mnacheka ngiri," akasema. "Kwa sababu hamjaijua. Nyamazeni niwaambie ngiri ni nini."

Akawaambia. Akaanza na siku ya kwanza ilipojitokeza akiwa amebeba ndoo, akawaeleza ilivyokuwa ikiingia na kutoka kama mpangaji, akawaonyesha kwa mikono ukubwa wake, na mkono ulipozidi kupanuka benchi likaanza kulia kwa kicheko. Akawaeleza alivyomsalimu daktari kwa mkono mmoja huku mwingine umeizuia. Akajifanya mwoga, mwingi wa hofu, anapelekwa chumba cha upasuaji huku akimwita mama yake. Fundi bomba alicheka mpaka ikabidi Kipaza aondoe wembe shingoni kwake. Mtu mmoja akatoka nje kuwaita wengine. Ilikuwa hadithi nzuri sana, na kila neno lilimshusha, naye bado alilitafuta linalofuata.

Bucha alikuwa amekaa. Alitazama sakafu, kwenye nywele za watu zilizoanguka, na hakucheka mpaka kicheko kilipomshinda, na kilipomshinda aliinama na kukamata chini ya tumbo upande wa kulia, penye figo, kwa mikono yote miwili.

Zamu yake ilipofika alipanda kitini. Kipaza akamfunga shuka, akapaka povu, akaweka kidole gumba shavuni.

"Kaka," Bucha akasema chini chini. "Kwa nini hukusema?"

"Wewe nyamaza," Kipaza akasema. "Nakunyoa."